Chupi Sita za Siku Moja

Jumatano, tarehe 9 Oktoba. Saa kumi na moja na nusu alfajiri dada yangu aliamka. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi alimwogesha binti yake wa miaka minne, akampa uji. Mtoto akanywa vijiko vitatu, akafumba mdomo. Saa kumi na mbili na robo alimfikisha kwa wifi yake, nyumba ya nne kutoka kwao. Saa moja kamili alibonyeza kidole kwenye mashine ya mahudhurio kazini. Saa saba na dakika ishirini mchana bomba la mvuke lilipasuka, mashine zote zikazimwa, na wafanyakazi wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Saa nane kasoro dakika tano alikuwa amesimama tena mlangoni kwa wifi yake, saa tatu kabla ya muda wake wa kila siku. Ilipofika saa nane na robo alikwisha kujua kwamba mtoto wake alikuwa mgonjwa kwa wiki tano, na kwamba watu wawili aliowaamini kuliko wote ndio waliomficha.

Nimtambulishe kwanza, kwa sababu bila kuijua kazi yake mtu anaweza kudhani kwamba alichokiona siku ile kingeweza kuonwa na yeyote.

Dada yangu anafanya kazi katika kampuni inayofua nguo za nyumba za wageni, mikahawa na zahanati mbili. Yeye yuko kwenye meza ya kuchambulia. Magunia yanamwagwa mbele yake, naye, akiwa na glavu ndefu na aproni ya mpira, anafunua kila shuka, anaangalia doa, kisha anaamua ni pipa gani. Damu huenda kwanza kwenye maji baridi, kwa kuwa maji ya moto huigandisha ndani ya nyuzi. Mafuta hutaka moto tangu mwanzo. Akikosea, shuka haliponi tena. Linaletwa kwangu nilikate vitambaa vya kufutia, maana mimi niko chumba cha pili cha jengo hilohilo, nashona yaliyochanika. Kati yetu kuna ukuta wa kioo. Nimemwangalia akifanya kazi hiyo kwa miaka mitano, na sijawahi kuletewa shuka lililoharibika kwa kosa lake.

Wenzake wanamwita Hakimu.

"Hakimu, huyu naye anafungwa miaka mingapi?" walikuwa wakimtania, wakimnyanyulia kitambaa cha mezani.

"Huyo ni mchuzi, hana kesi. Maji ya moto, nusu saa, aachiliwe."

"Na huyu?"

"Huyo mwongo. Juu kajimwagia kahawa, chini yake kuna damu ya pua. Baridi kwanza."

Mwaka ule meneja alimchagua kuwa msimamizi wa meza, kwa majaribio ya miezi mitatu. Majaribio yalikuwa yaishe katikati ya Oktoba. Hakujivuna. Alinunua kalamu mpya tu, akaichomeka mfukoni mwa aproni.

Mtoto wake tulimpa jina la utani Chiriku, kwa sababu alikuwa haishiwi maneno tangu alipojifunza kuyatamka. Mtoto alipofikisha miaka miwili na nusu, wifi alijitolea kumtunza mchana. Huyu wifi ni dada mkubwa wa shemeji yangu. Ndiye aliyemlea shemeji baada ya mama yao kufariki, akamsomesha ufundi wa madirisha ya alumini, akamtafutia na chumba cha kuanzia maisha. Shemeji hakuwahi kumpinga kwa lolote. Nyumbani kwake alikuwa akitunza watoto wanne wa majirani, na nyumba ilikuwa safi: kila mtoto na kikombe chake, kila kikombe na msumari wake ukutani.

Jioni dada alipokwenda kumchukua Chiriku, alikabidhiwa mtoto aliyekwisha kuogeshwa, pamoja na mfuko wenye nguo zake za mchana, zimefuliwa, zimekauka, zimekunjwa. Hata chupi. Dada aliniambia zaidi ya mara moja, sauti ikimlegea kwa shukrani, "Mimi nafua uchafu wa dunia nzima, halafu kuna mtu mmoja duniani ananifulia mimi. Sijui nitamlipa nini yule mwanamke."

Mwezi Septemba, Chiriku alianza kupunguza maneno. Alikula nusu ya sahani, kisha robo. Jioni alikuwa akisimama nyuma ya pazia, amekaza magoti na kujiinua kwenye ncha za vidole, uso umemwiva, kisha anatoka kama kwamba hakuna kilichotokea. Dada aliuliza kila jioni, na kila jioni alijibiwa.

"Wifi, leo amepata choo?"

"Amepata, wifi. Kizuri tu. Mara mbili."

"Mbona nyumbani haendi?"

"Si anamaliza kwangu! Wewe unataka aende mara ngapi, anakimbia mashindano?"

Wakacheka wote wawili. Kwa nini asicheke? Siku sita za wiki mtoto alishinda kule. Jumapili moja kupita bila choo halikuwa jambo la kumtisha mtu. Jumapili moja aliona alama nyembamba kwenye chupi, akadhani mtoto hakujifuta vizuri. Dada hajajisamehe alama ile hadi leo. Lakini doa moja halisemi mengi hata kwa mtu wa kazi yake. Yanayosema ni madoa ya wiki nzima yakiwekwa pamoja, na ya wiki nzima yalikuwa yakifuliwa kabla hajayaona.

Jumatano ile maji yalikuwa yamekatika mtaani tangu jana yake. Wifi hakuweza kufua. Isitoshe, hakutarajia mtu saa nane mchana.

Dada alipoingia uani aliikuta ndoo ya bluu karibu na mlango wa jikoni, imefunikwa na sinia. Alifunua sinia akidhani ni maji ya kunywa, ili aone kama nzi wameingia. Ndani zilikuwemo chupi sita. Alizitambua zote, kwa kuwa ni mimi niliyezishonea mipira mipya kiunoni.

Hakuita mtu. Alichuchumaa, akazitoa moja moja na kuzipanga juu ya saruji kwa safu, kama afanyavyo mezani. Wifi alitoka jikoni akamkuta katika hali hiyo.

"He! Wifi! Umefukuzwa kazi?"

"Bomba limepasuka. Hizi ni za leo?"

"Ah, hizo. Maji yamekatika, ndiyo maana. Acha, usijichafue, nitazifua."

"Nimekuuliza, ni za leo?"

"Za leo. Mtoto anahara kidogo tu."

Dada hakunyanyua kichwa. "Anayehara hachafui hivi. Haya ni majimaji yaliyopakaa tu, mara sita, hayana uzito wowote. Kuna kitu kinavuja hapa. Na hii ya tano ina damu."

"Hakimu umeanza."

Kwa mara ya kwanza jina lile halikumfurahisha. Alisimama, akaingia ndani. Watoto wanne walikuwa wamelala kwenye mkeka. Chiriku alikuwa nyuma ya mlango wa chumba, peke yake, miguu ameipinda mmoja juu ya mwingine. Alipomwona mama yake hakukimbia kumlaki. Alisema kwa sauti ndogo, "Sijajichafua, mama. Nimebana."

Dada alimbeba, akamlaza kitandani na kumfunua tumbo. Lilikuwa limejaa na kukaza, na upande wa kushoto chini mkono wake ulikutana na uvimbe mgumu kama konzi.

"Mara ya mwisho kupata choo cha kweli, choo chenyewe, ni lini?"

Wifi aliegemea kizingiti. Alianza kupangusa mikono ambayo haikuwa na maji. "Wifi, watoto wote..."

"Sikuulizi wote. Huyu."

"Labda siku tisa. Kumi."

"Na kila jioni uliniambia mara mbili."

"Si alikuwa akichafua! Nikahesabu hiyo."

Mengine yalitoka vipande vipande, naye dada aliyapokea amesimama. Choo cha nyumba ile ni kimoja kwa wapangaji wa vyumba sita; asubuhi kuna foleni, na Chiriku alikuwa akiambiwa, "Bana kidogo, shangazi amalize kazi." Akabana. Siku moja, mwanzoni mwa Septemba, kilipotoka kilikuwa kikubwa na kigumu, kikamchana, akalia mpaka majirani wakachungulia. Tangu hapo alikiogopa, akawa anabana mwenyewe bila kuambiwa. Nguo zilipoanza kuchafuka, wifi alidhani ni kuhara. Alimpunguzia maji na matunda ili pasiwe na cha kutoka. Alikwenda duka la dawa akanunua dawa ya kuzuia kuhara, akampa siku nne. Alimkaripia pia. Hilo alilisema kwa kunong'ona.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema nimeshindwa. Mimi nimelea watoto kumi na moja, wifi, sijawahi kushindwa na tumbo la mtoto." Kisha, kwa kuwa macho ya dada hayakuondoka usoni mwake, akaongeza maneno ambayo nadhani aliyaona kama ngao: "Na hata hivyo sikuficha. Mwenye mtoto alijua. Nilimwambia mumeo tangu wiki ya kwanza."

Dada aliniambia kwamba aliyasikia maneno yale vizuri, lakini kwa muda fulani aliendelea kumfunga mtoto vifungo vya gauni, kwa utaratibu, kuanzia juu, mpaka akamaliza cha mwisho. Ndipo akambeba mgongoni akaondoka. Chupi aliziacha pale pale kwenye saruji.

Alinipigia simu njiani. Nilimkuta kituo cha afya saa tisa kasoro robo. Walikuwa kwenye benchi la mbao katika korido yenye harufu ya dawa ya sakafu, na Chiriku alikuwa ametapika uji ule wa vijiko vitatu kwenye kanga ya mama yake.

Tabibu wa zamu alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Aliuliza maswali mafupi. Choo mara ngapi kwa wiki? Kigumu au laini? Damu? Homa? Amepungua uzito? Anatapika tangu lini? Kwa kila swali dada alijibu, "Sijui." Nilimwona akijibu hivyo mara tano, mwanamke anayeweza kukwambia shuka lilikula nini juzi.

"Mama, kwani hukai na mtoto wako?" aliuliza tabibu, bila ubaya.

"Ninakaa naye. Nilikuwa nikiambiwa."

Tabibu akamtazama, akaacha kuuliza. Alimpapasa mtoto tumbo, taratibu, akimwambia kila mara mkono unakwenda wapi. Kisha akavua glavu na kutueleza.

"Huyu hahari. Amefunga choo. Kile kigumu kimekaa mwisho wa utumbo kama kizibo; kile chepesi cha juu kinatafuta njia pembeni, kinavuja bila yeye kuhisi. Si ukaidi, na si uchafu, hawezi kukizuia. Mtu akimpa dawa ya kuzuia kuhara anakaza palipokwisha kukaza. Akimnyima maji ndio anamaliza kabisa. Damu ni ya mpasuko mdogo, itapona choo kikilainika."

"Ningemleta lini?" dada aliuliza.

"Mtoto akipata choo chini ya mara tatu kwa wiki, kigumu, anaumia au anajibana, unamwongezea maji, matunda na mboga, unamkalisha chooni bila haraka. Ikisogea wiki mbili bila nafuu, mlete. Ukiona damu, ukiona nguo zinachafuka hivyo, hataki kula, anakonda, usisubiri hizo wiki. Na tumbo likivimba akaanza kutapika, au akiwa na homa, ni siku hiyohiyo, kama ulivyofanya leo. Usimtie bomba la sabuni kwa njia ya haja kubwa nyumbani, usimpe dawa ya duka kwa kukisia."

"Kwa hiyo wiki mbili zilizopita..."

"Wiki mbili zilizopita ungeondoka hapa na dawa ya unga ya kulainisha, ukalala kwako. Leo kwa sababu anatapika, nataka nimlaze. Nihakikishe utumbo haujaziba kabisa."

Dada alitikisa kichwa kukubali. Alimkabidhi Chiriku kwa muuguzi, akamsindikiza hadi wodini, akamwekea kitanda sawa, akarudi koridoni. Shemeji alifika saa kumi na moja na dakika kumi, suruali ina vumbi la alumini magotini, simu mkononi.

"Mama Chiriku, mtoto yuko wapi? Dada mkubwa kanipigia analia."

"Yuko kitanda cha tatu. Kabla hujaingia, nijibu. Ulijua?"

Alitazama mlango wa wodi. "Nilijua kidogo."

"Kujua kidogo ndiko kukoje?"

"Aliniambia tumbo linamsumbua. Akaniambia mambo ya watoto, yatapita. Akasema tusikusumbue kwanza."

"Tusikusumbue. Nyinyi wawili mlikaa mkapanga."

"Hatukupanga, jamani, tuliongea tu! Wewe ulikuwa kwenye majaribio. Nakujua. Ungesikia mtoto ana choo kigumu, kesho yake usingeenda kazini. Ungemnyang'anya dada mtoto, ungeanza kufukua. Miezi mitatu tu, nikasema, aimalize, apate hicho cheo kwa amani. Nilikuwa nakutetea wewe."

"Kila jioni nilikuuliza mbona hali. Ulisema ameshiba kwa shangazi yake."

Shemeji alijipangusa vumbi magotini.

"Jumapili aliyosimama nyuma ya pazia, ulikuwa umekaa kwenye kiti kile cha karibu. Ulimwona na ulijua anafanya nini. Mimi nikacheka, nikasema anacheza kujificha. Nawe ukacheka."

Hakupaza sauti. Hata mama aliyekuwa kwenye benchi la pili hakugeuka. Nimemfahamu dada yangu maisha yangu yote, na huo ulikuwa ugomvi mkubwa kuliko wote aliowahi kuufanya.

"Nisamehe," alisema shemeji.

"Nenda kamwone mtoto. Usimuulize kwa nini alijichafua."

Chiriku alilazwa siku mbili na nusu. Walimpa maji kwa mshipa, kisha dawa ya unga iliyochanganywa na maji, glasi baada ya glasi. Ijumaa alasiri kizibo kilitoka, kwa kilio kikubwa, dada akimshika mikono yote miwili na kumwambia, "Toa, mwanangu, toa, hakuna anayekusubiri nje." Usiku ule alikula sahani nzima.

Nyumbani waliendelea kama walivyoelekezwa. Dawa ya unga asubuhi. Maji ya kutosha. Dakika tano hadi kumi chooni kila baada ya mlo, miguu ikiwa juu ya kigoda kidogo ili magoti yapande, bila kukaripiwa kitoke au kisitoke. Tabibu alionya kwamba wengi huacha dawa mara choo kinapolainika, na ugonjwa hurudi. Utumbo uliotanuka huhitaji miezi kujikusanya. Dada alichora kalenda kwenye karatasi, akaibandika nyuma ya mlango wa choo, akaijaza mwenyewe. Hakumruhusu mtu mwingine kuishika kalamu.

Kuhusu kazi, alikwenda kwa meneja, akamweleza, akaomba zamu fupi. Cheo cha msimamizi akapewa mwenzake. Aliporudi mezani hakuna aliyemtania wiki nzima, jambo lililomuudhi zaidi kuliko utani. Hatimaye alinyanyua shuka moja juu akauliza, "Hamna kesi leo?" nao wakapumua.

Wifi alikuja Jumapili ya pili, amevaa vizuri, na mfuko wa machungwa. Dada alimpokea mlangoni. Hakumkaribisha kiti, wala hakumwambia aondoke.

"Wifi, nimekuja tuyamalize. Mimi na wewe si watu wa kununiana."

"Sijanuna."

"Nilikuwa nakufulia nguo kwa upendo. Hilo nalo utalikana?"

Mimi nilikuwa ndani, nakunja nguo, nikaacha kukunja.

"Silikani," alisema dada. "Nilikushukuru kwa hilo kila siku kwa mwaka mmoja na nusu. Sasa sijui ni siku zipi ulikuwa unanifulia na ni siku zipi ulikuwa unanifumba macho. Hilo ndilo umeninyang'anya, wifi. Machungwa nayapokea, ni ya mtoto."

Wifi aliketi kwenye ngazi akalia. Dada alisimama karibu naye hadi akamaliza, akamletea maji ya kunawa uso, akamsindikiza mpaka kwenye lango. Kisha akaja akaendelea kukunja nguo pamoja nami, na hakulizungumza tena jambo hilo.

Hakuondoka kwa mumewe. Anampikia, anamfulia, wanajibizana kuhusu kodi na bati linalovuja. Ila akimuuliza jambo lolote juu ya mtoto, hata dogo, kama amekunywa maji, huenda baadaye kumuuliza mtoto mwenyewe. Shemeji anamwona akifanya hivyo.

Mwaka mmoja baadaye, Alhamisi ya pili ya Oktoba, tabibu yuleyule aliangalia kwenye kalenda ya dada miezi mitatu ya choo laini, karibu kila siku, akamwondolea Chiriku kipimo cha mwisho cha dawa. Shemeji alikuwa ameomba ruhusa kazini ili ahudhurie. Alisubiri kwenye benchi la koridoni tangu saa tatu hadi saa nne na nusu, kwa kuwa dada hakumwita aingie.